Kwenda peke yako nchi ya mbali kujitolea katika uhifadhi wa wanyamapori: maswali ya kuuliza kabla hujalipa

Mleta uzi

Habari zenu, ndugu zangu. Nimeleta uzi huu kwa ajili ya mtu ambaye ana hamu ya kweli ya kuwatumikia wanyamapori, amekwisha kuona tangazo la kituo fulani katika nchi ya mbali, na anakusudia kufunga safari peke yake. Mimi nimesafiri hivyo mara mbili. Safari ya kwanza niliikatiza siku ya tisa nikiwa na majonzi, na ya pili ilidumu wiki kumi, nayo imebaki miongoni mwa mambo ninayoyathamini zaidi maishani mwangu. Kilichozitofautisha si bahati. Mara ya kwanza nilitazama picha, nikalipa. Mara ya pili niliuliza maswali hadi nikahofia kuonekana msumbufu, ndipo nikalipa.

Anayesafiri na wenzake, usiku ukiingia, huweza kuwauliza kama waliyoyaona mchana ni sawa. Aliye peke yake hana wa kumuuliza. Wenyeji wake ndio wanaompa malazi, usafiri, kazi na hata tafsiri ya lugha, na wakimwambia kwamba jambo fulani ni la kawaida, baada ya siku mbili tatu naye ataliona la kawaida. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi ya kutilia shaka ifanyike ukiwa bado kwenu, fedha zako zikiwa mfukoni na moyo wako haujatekwa na mnyama mchanga.

Kituo changu cha kwanza, ambacho sitakitaja, kilijitangaza kuwa kinaokoa kima yatima. Nilipofika nilikabidhiwa mtoto wa kike wa wiki chache, akaushika ukosi wa shati langu kwa vidole vyembamba kama njiti na hakuuachia hata aliposinzia. Kila nilipojaribu kumlaza kwenye blanketi alifumbua macho na kulia kwa sauti ya juu iliyokatika-katika, hivyo nilimbeba nikiosha vyombo vyake, nikimbeba nikila, na nilijiona mtu mwenye manufaa makubwa. Siku ya tatu niliuliza mama yake alipatwa na nini, nikaambiwa amekufa. Kulikuwa na watoto sita wa umri unaokaribiana, na kila mmoja mama yake alikuwa amekufa, wala hakuna aliyeweza kunieleza alikufa wapi, lini na kwa nini. Siku ya tano walikuja wageni waliolipia kupiga picha, na mtoto yule akapitishwa mkono kwa mkono kwa muda wa saa nzima. Siku ya nane nilimuuliza msimamizi ni kima wangapi wamerudishwa msituni tangu kituo kifunguliwe. Hakuwa na idadi. Hakuwa hata na daftari.

Kuondoka kwenyewe kulikuwa kugumu kuliko nilivyotazamia, kwa sababu gari la kituo lilikwenda mjini mara moja kwa wiki, na pasipoti yangu ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la ofisi kwa kile walichokiita usalama. Hilo nitalirudia.

Maswali ninayoyauliza sasa ni haya. Kila mnyama aliyepo hapo ametoka wapi, na kuna kumbukumbu yake iliyoandikwa? Mwaka uliopita wamerudishwa porini wangapi, na baada ya kuachiwa walifuatiliwa kwa muda gani? Je, wanyama wanazaliana kituoni, na kama ndiyo, watoto wanakwenda wapi? Wageni wanaruhusiwa kuwagusa? Wafanyakazi wa kudumu ni wangapi, na nani anafanya kazi katika miezi ambayo hakuna aliyekuja kujitolea? Kituo cha kweli kina majibu ya maswali haya kwa sababu chenyewe kinayahitaji ili kiendeshe kazi yake. Nanyi mnaweza pia kuangalia kama kituo kimekaguliwa na Global Federation of Animal Sanctuaries, shirika lililoanzishwa mwaka 2007, ambalo halikubali biashara ya wanyama wala umma kuwagusa wanyamapori. Kwa Afrika kuna umoja wa vituo uitwao Pan African Sanctuary Alliance, ulioanza mwaka 2000. Kukosa ithibati hakumaanishi kwamba kituo ni kibovu, maana vituo vidogo vingi havina watu wa kushughulikia makaratasi hayo, lakini kukosa majibu kunamaanisha jambo.

Mchangiaji wa kwanza

Dada, nakushukuru kwa uwazi wako, ingawa maneno yako yamenitia wasiwasi. Nimepata nafasi katika shamba moja la simba nchini Afrika Kusini, ambako wanaojitolea huwanyonyesha kwa chupa watoto wa simba waliotelekezwa na mama zao, na tangazo linasema kwamba wakikua watarudishwa porini. Sijalipa bado, ila tarehe ya mwisho imekaribia. Je, hili nalo ni la kutiliwa shaka?

Mleta uzi

Kaka, ni la kutiliwa shaka sana, na nakuomba usilipe kabla hujasoma haya.

Porini, simba jike hukaa na watoto wake kwa takriban miaka miwili kabla hajazaa tena. Akinyang'anywa watoto wakiwa na siku chache tu, huwa tayari kupandwa tena mapema na huweza kuzalishwa mfululizo kama mashine. Watoto hao hunyonyeshwa na wageni wanaolipa na kuamini kwamba wanaokoa, kisha katika miezi michache meno na makucha yanapokuwa ya hatari hupelekwa kutembezwa na watalii, na wanapokomaa wengi huishia kupigwa risasi na wawindaji ndani ya uzio wasioweza kuutoroka, au kuchinjwa ili mifupa yao iuzwe Asia. Mwaka 2017 serikali ya nchi hiyo iliruhusu mifupa ya simba 800 wa kufugwa isafirishwe nje, na mwaka 2019 mahakama ikaamua kwamba viwango vya 2017 na 2018 viliwekwa kinyume cha sheria. Mwaka 2021 jopo lililoundwa na waziri wa mazingira lilipendekeza ufugaji wa simba wa kibiashara ukomeshwe. Sisemi kwamba kila shamba linafanya hayo yote. Nasema kwamba simba jike kumtelekeza mtoto ni jambo linalotokea mara chache, na shamba lenye watoto wachanga mwaka mzima halina budi kueleza wanatoka wapi.

Waulize pia ni hifadhi gani hasa zimepokea simba wao waliokua, kisha ziandikie hifadhi hizo wewe mwenyewe. Simba aliyelelewa na mikono ya watu amezoea kwamba mtu ni chakula kinapotoka, na hakuna meneja wa hifadhi anayemfurahia simba wa namna hiyo karibu na vijiji.

Nikumbushe na la Thailand. Hekalu la simbamarara la Kanchanaburi lilipokea watu wa kujitolea kutoka nje kwa miaka mingi. Mwaka 2016 maofisa wa wanyamapori waliwaondoa pale simbamarara 137 walio hai, na ndani ya jokofu wakakuta maiti 40 za watoto wachanga. Naamini wengi waliojitolea pale waliwapenda wanyama wale kwa dhati, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba upendo wa kweli ulitumika kuendeshea kitu kile.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni daktari wa mifugo na nimefanya kazi na wanyamapori kwa miaka kadhaa. Naunga mkono aliyosema mleta uzi kuhusu kugusa, nami nitaongeza upande wa maradhi, ambao matangazo huupita kimya.

Hatari huenda pande zote mbili. Sokwe, gorila na orangutani huambukizwa magonjwa yetu kwa urahisi, na mafua ambayo kwako ni makamasi ya siku tatu yanaweza kuua baadhi yao katika kundi. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe, nchini Tanzania, walipatwa na ugonjwa wa kupooza, polio, baadhi wakafa na wengine wakabaki na viungo visivyofanya kazi. Kwa sababu hiyo wahifadhi huweka umbali wa mita 7 hadi 10 kati ya mtu na nyani hao wakubwa, pamoja na barakoa, na anayekohoa hubaki kambini. Kituo kinachokupa mtoto wa orangutani kifuani siku ya kwanza, bila kukuuliza kama umepimwa kifua kikuu, hakimjali mnyama huyo.

Kwa upande wako, jambo la kwanza ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo ya kabla ya safari, ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza itolewe kwa dozi mbili, ya pili siku saba baada ya ya kwanza, haikuondolei haja ya matibabu ukiumwa, lakini inayafanya yawe mafupi na inakuondolea haja ya dawa ya kingamwili, ambayo mara nyingi haipatikani mbali na miji mikubwa. Ukiumwa au kuparuzwa na mnyama yeyote mwenye damu moto, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kamili kwa kutazama saa, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo hata kama wenyeji wanakwambia kwamba mnyama huyo ni mzima. Kwa wanaokwenda Asia kufanya kazi na kima aina ya makaka, wapo virusi vya herpesi B, ambavyo kwa kima huleta vidonda vidogo tu na kwa binadamu asiyetibiwa mapema mara nyingi huua. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo usingoje wiki ya safari.

Mchangiaji wa tatu

Shikamoo dada. Mimi ni msichana wa miaka 22, na familia yangu inapinga niende peke yangu. Sitaki kuwadharau, kwa sababu hofu yao ina msingi, lakini pia sina rafiki anayependa mambo haya. Uliwezaje kuwaridhisha watu wako, na ulijilindaje?

Mleta uzi

Marahaba, mdogo wangu. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipokwenda Gombe mwaka 1960, wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali mwanamke kijana akae kule peke yake, ikabidi mama yake aandamane naye kwa miezi ya mwanzo. Huwa nalikumbuka jambo hilo ninapoulizwa swali hili, kwa sababu hata yeye, aliyekuja kujulikana dunia nzima, hakuanza akiwa peke yake. Wewe huna wa kuandamana naye kwa miguu, basi mtafute wa kuandamana nawe kwa mbali, na umpe kazi iliyo wazi.

Mimi nilimchagua dada yangu mmoja. Nilimwachia nakala ya pasipoti, viza, bima na mkataba wa kituo, namba za ubalozi ulio karibu, na jina la kijiji jirani pamoja na njia ya kufika. Tulikubaliana kwamba nitamtumia ujumbe kila Jumatano na kila Jumapili, na kwamba nikipitisha saa 48 baada ya siku hizo atapiga simu kituoni, akishindwa atampigia mtu wa kijijini ambaye si mfanyakazi wa kituo, na akishindwa tena atauarifu ubalozi. Tulikuwa na sentensi moja ya kawaida kabisa ambayo maana yake ni "nitoe hapa". Sikuitumia, lakini wazazi wangu walipoona kwamba mpango umeandikwa na kwamba kuna mtu aliyekubali kuubeba, mazungumzo yakahama kutoka "usiende" na kufikia "utafikaje kutoka uwanja wa ndege".

Hilo la uwanja wa ndege ni la maana. Panga kuwasili mchana, na kama ndege inatua usiku, lala karibu na uwanja hadi kupambazuke. Pasipoti yako usimkabidhi mtu. Wakihitaji, wape nakala. Weka mahali pawili fedha zinazotosha nauli ya kutoka kituoni hadi uwanjani na usiku mmoja wa malazi, na fedha hizo uzihesabu kuwa hazipo hadi siku ya kuondoka. Kabla ya kwenda, jua kuna chombo gani cha usafiri kinachopita bila kutegemea gari la kituo, kwa siku zipi, na kinapakia wapi. Mimi katika safari ya kwanza sikujua lolote katika haya, na ndiyo maana ilinichukua siku mbili nzima kuipata pasipoti yangu na kuondoka mahali ambapo nilikuwa nimelipia kuwapo.

Kisha zungumza kwa sauti, si kwa maandishi, na wanawake watatu waliokwisha kujitolea pale, na usiwapate kwa kuletewa majina na kituo. Waulize vyumba vinafungwa kwa ndani? Nani ana ufunguo wa ziada? Kazi ya usiku inafanywa na watu wangapi? Mtu akilalamika, analalamika kwa nani? Utashangaa jinsi watu wanavyoeleza mengi wakiulizwa mambo madogo kama ufunguo.

Upweke nao haukwepeki. Wiki ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu ugeni umekwisha na mazoea hayajaja. Usiamue kurudi nyumbani wiki hiyo isipokuwa kwa sababu ya usalama au ya dhamiri.

Mchangiaji wa nne

Hadi sasa tumeambiwa tusiguse. Basi anayejitolea anafanya nini hasa? Ningependa kusikia kazi yenyewe ilivyo, ili mtu apime kama anaiweza.

Mleta uzi

Nashukuru kwa swali hili, maana ndilo nililotamani kuulizwa.

Nilikwenda kwenye mradi wa kasa katika pwani ya Karibi ya Costa Rica. Pwani hiyo ina historia ndefu ya kazi hii: huko Tortuguero, ambako hakufikiki kwa barabara bali kwa mashua au ndege ndogo, Archie Carr alianza utafiti wa kasa wa kijani katika miaka ya 1950, shirika linaloitwa sasa Sea Turtle Conservancy likaanzishwa mwaka 1959, na baadhi ya wenyeji waliokuwa wakiwinda kasa wakawa waongozaji wa wageni. Ufukwe wangu ulikuwa mwingine, mdogo zaidi, na kasa wake wakuu walikuwa kasa ngozi, ambao ndio wakubwa kuliko kasa wote duniani na hutaga pwani ile kuanzia Machi hadi Julai.

Kazi ilikuwa kutembea. Tulianza saa mbili usiku au saa sita usiku, kwa zamu za saa nne au tano, tukiwa wanne nyuma ya mwongozaji mwenyeji, bila taa, kwenye mchanga unaozama hadi kifundo cha mguu. Taa nyeupe humfanya kasa ageuke na kurudi baharini bila kutaga, kwa hiyo tulikuwa na taa nyekundu tu, nazo ziliwashwa kwa amri. Usiku mwingi hatukuona kitu. Usiku mwingine tuliona alama pana kama ya tairi la trekta ikitoka majini, tukaifuata, tukakuta shimo tupu lililofukuliwa kwa fimbo na nyayo za mtu zikielekea vichakani, mayai yote yameibwa. Mwongozaji wetu alichukua vipimo vya shimo hilo kwa uangalifu ule ule ambao angelipima kiota kizima, akaandika, tukaendelea kutembea. Sikuelewa siku ile kwa nini tulipima shimo tupu. Nilikuja kuelewa nilipoona daftari za misimu iliyopita, kwamba kiota kilichoibwa nacho ni takwimu, na kwamba bila takwimu hiyo hakuna anayeweza kusema kama doria zinasaidia.

Usiku wa kumi na nne alitokea wa kwanza wangu. Alikuwa ametulia kwenye shimo alilolichimba kwa mapezi ya nyuma, moja likiingia na kukunja mchanga kama kiganja, jingine likingoja zamu yake. Tulisubiri nyuma yake hadi alipoanza kutaga, kwa sababu kabla ya hapo akisumbuliwa ataondoka, na baada ya hapo huzama katika utulivu ambao hauvunjiki kwa urahisi. Nililala kifudifudi kwenye mchanga, mkono wangu wenye glovu ukiwa ndani ya shimo chini yake, nikihesabu mayai yakianguka mawili mawili na matatu matatu, yenye joto na laini kama mpira uliolegea. Yalipofika 83 yakafuata madogo yasiyo na kiini, 27. Gamba lake lilipimwa kutoka shingoni hadi mkiani, likawa na sentimita 152. Alipumua kwa kishindo, kisha kimya kirefu, kisha kishindo tena, na machozi mazito ya chumvi yalikuwa yakichuruzika hadi kwenye mchanga. Hiyo ndiyo njia yake ya kutoa chumvi iliyozidi mwilini. Mayai yalihamishwa katika saa chache za mwanzo hadi kwenye eneo lililolindwa, tukayafukia katika shimo la kina kile kile, na kwa takriban siku 60 zilizofuata mtu alikaa hapo usiku na mchana akisoma kipimajoto, kwa sababu joto la mchanga ndilo linaloamua kama watatoka majike au madume, na mchanga ukiwa na joto kali hutoka majike matupu.

Huo ndio mguso uliokubalika: wenye sababu, wenye glovu, chini ya jicho la anayejua, na wenye namba mwishoni. Katika wiki kumi niliona kasa kumi na mmoja. Mengine yote yalikuwa kutembea, kuandika, kuokota takataka za plastiki, na kusimama zamu mbele ya viota.

Mchangiaji wa tano

Kwa heshima, nina hoja. Fedha ambazo mtu mmoja hutumia kwa tiketi ya ndege na ada zingeweza kumlipa mlinzi mwenyeji kwa miezi. Kwa nini zisitumwe tu, badala ya mgeni kwenda kujifunza kazi ambayo wenyeji wanaijua kuliko yeye?

Mleta uzi

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito, na kwa watu wengi jibu sahihi ni hilo lako: watume fedha. Ikiwa kituo kinakuweka kufanya kazi ambayo mwenyeji angelipwa kuifanya, umemnyima mtu riziki yake kwa kulipia nafasi yake.

Lakini kuna miradi ambayo ada za wanaojitolea ndizo zinazolipa mishahara ya waongozaji msimu mzima, na ambayo kazi yake ni miguu mingi gizani kwa miezi michache ya mwaka. Hapo mgeni ana nafasi, mradi ajue ni nafasi gani. Mwenye kubeba hatari ni mwenyeji. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2013, katika ufukwe wa Moín huko huko Costa Rica, kijana mwenyeji Jairo Mora Sandoval, mwenye umri wa miaka 26, alitekwa akiwa doria ya kasa pamoja na wanawake wanne wa kigeni waliokuja kujitolea. Wanawake wale walinusurika. Yeye aliuawa. Waongozaji wetu walimtaja kwa jina katika mafunzo ya siku ya kwanza, na baada ya hapo tukapewa kanuni: ukiwaona watu ufukweni hufanyi lolote, husogei, huwamuliki, hupigi picha, unamfuata mwongozaji anarudi nyuma. Kuna mmoja wetu aliyeona kwamba huo ni woga. Mimi niliona kwamba sisi tutapanda ndege na wao watabaki kuishi na majirani wale wale, hivyo ujasiri wetu ungelipiwa na wao.

Kwa hiyo swali la nani anaandika kanuni za usalama, na kama wenyeji wana sauti ndani yake, liingie kwenye orodha yako ya maswali kabla hujalipa.

Mchangiaji wa pili

Niongeze kwa ufupi kuhusu viza na bima, maana wengi hukwama hapo. Nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa ni kazi hata kama hulipwi, na viza ya utalii hairuhusu. Uingereza, kwa mfano, humruhusu mgeni wa kawaida kujitolea kwa siku zisizozidi 30 katika shirika la hisani lililosajiliwa. Zaidi ya hapo anahitaji viza nyingine. Kituo kikikushauri useme mpakani kwamba wewe ni mtalii tu, wanakutaka uanze kwa uongo, na ukikamatwa utakuwa peke yako. Katika bima, soma sehemu ya mambo yasiyolipiwa: kushughulika na wanyamapori mara nyingi kumo humo. Hakikisha pia kwamba inagharimia kusafirishwa kwa dharura kutoka mahali pasipo na barabara.

Mchangiaji wa kwanza

Narudi na mrejesho. Niliwaandikia wale wa shamba la simba maswali matano. Walijibu kwamba watoto wakikua "huhamia hifadhi nyingine". Nilipoomba majina ya hifadhi, walikaa kimya siku nne, kisha wakaniletea punguzo la ada kama nikilipa wiki ile. Sikulipa.

Badala yake nimepata mradi unaotumia kamera zinazofungwa kwenye miti na kupiga picha zenyewe mnyama anapopita, ili kuwahesabu chui. Wamenieleza mapema kwamba huenda nisimwone chui hata mmoja, na kwamba nusu ya muda nitakuwa mezani nikipanga picha. Walinitumia takwimu zao za miaka mitatu bila hata kuziomba. Kuna jambo ambalo ningepaswa kuliuliza zaidi?

Mleta uzi

Kaka, nimefurahi sana kusoma haya. Waombe picha mia moja za zamani za ubavu wa kulia na wa kushoto, uanze kujifunza ukiwa nyumbani kuwatofautisha chui kwa madoa yao, maana mpangilio wa madoa ya kila chui ni wake peke yake, na madoa ya ubavu mmoja hayafanani na ya ubavu wa pili. Atakayefika akiwa amekwisha kuzoea kazi hiyo ataanza kuwasaidia wiki ya kwanza badala ya wiki ya nne. Waulize pia gari la kwenda mjini hupita siku gani, na nani mwingine hupita njia hiyo.

Na pasipoti ubaki nayo mwenyewe.